Mawe ya Jikoni Dodoma: Kutoka Kisese hadi Mtumba

Mwaka 1947 Waingereza walipofika Kongwa kulima karanga, walikuja na matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shambani, na hesabu za ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mibuyu iligoma kung'oka. Nyuki waliwashambulia madereva. Mvua zilikuwa haba. Ila kilichozimaliza plau zao kilikuwa kidogo kuliko punje ya uwele: udongo wa Kongwa ulijaa chembe kali za kwatzi, na chembe hizo zilikwangua chuma hadi kikaisha kabla ya wakati wake. Kiangazi kilipoingia, udongo ulikauka ukashika karanga zenyewe, zikawa taabu kung'olewa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuuacha mpango huo, baada ya takriban pauni milioni 36 kupotea.

Madini yaliyoshinda plau za Kongwa sasa yanauzwa Dodoma mjini kama pambo la jiko. Yanafika yakiwa yamesagwa, yamegandishwa kwa gundi na kusuguliwa hadi yang'ae, kisha hukatwa na kulazwa juu ya makabati ya nyumba mpya za Kisasa, Ilazo, Iyumbu na Mtumba. Wanaojenga huona kwamba hiki ni kitu kigeni kilichoingia na mitindo ya mjini. Lakini ukweli ni kwamba watu wa nyanda za kati wamekuwa wakifanya kazi za chakula juu ya mawe, na kwa mawe, tangu zamani sana.

Ushahidi wa mapema uko kaskazini mwa Dodoma, katika miamba ya Kondoa. Watalii wanaijua kwa michoro yake, ile ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba katika pango la Kisese II, akakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni pamoja na vipande vingi vya mawe yaliyochongwa. Vipimo vilivyofanywa miaka mingi baadaye vimeonyesha kwamba shanga za zamani zaidi pale zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Na mawe yaliyochongwa, kwa sehemu kubwa, ni kwatzi. Jiwe hilo likipasuliwa hutoa makali. Kabla kwatzi haijawa meza ya kukatia nyama, ilikuwa ndiyo kisu chenyewe.

Wingi wa mawe haya una sababu yake. Dodoma imekaa juu ya mwamba mkongwe wa bara, ulioundwa zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na sehemu kubwa yake ni granaiti. Vilima vya mawe vinavyochomoza katikati ya mitaa ya mji ni vichwa vya mwamba huo, vilivyobaki baada ya udongo laini kuchukuliwa na mvua na upepo. Granaiti ni mchanganyiko wa madini: feldispa, maika na kwatzi. Mwamba ukioza kwa karne nyingi, yale mawili ya kwanza huchakaa na kuwa udongo, kwatzi hubaki. Ndiyo hiyo iliyoko kwenye mchanga wa Kongwa.

Jiwe lililotawala jiko la Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, hata hivyo, lilikuwa la kusagia. Nchi hii hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na katika miaka mibaya hupungua zaidi. Zao la kutegemewa lilikuwa uwele na mtama, na nafaka hizo hazikuliwa mpaka zipitie mikononi mwa mwanamke aliyepiga magoti. Jiwe la chini lilikuwa pana, bapa, limeinamishwa kidogo. La juu lilishikwa kwa mikono miwili na kusukumwa mbele na nyuma, unga ukidondoka kwenye ungo au ngozi. Granaiti ilifaa kazi hiyo kwa sababu ya mchanganyiko wake. Madini laini huchakaa mapema, kwatzi hubaki imechomoza, na uso wa jiwe unakuwa na meno. Meno yakiisha, jiwe lilinolewa kwa kugongwa na jiwe jingine gumu. Chembechembe nazo ziliingia kwenye unga, zikaliwa pamoja na ugali.

Kazi hii haikuwa ndogo, na haifai kusimuliwa kana kwamba ilikuwa mchezo wa kupendeza wa mila. Ilikuwa ya kila siku, ya magoti, mgongo na mabega, baada ya kuchota maji mbali na kabla ya kuwasha moto. Karne ya kumi na tisa iliiongezea uzito. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Vitabu vya wasafiri vinajaa malalamiko kuhusu hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo kwa ajili ya kupita na kutumia maji. Vinasema machache kuhusu wanawake waliotoa nafaka na unga wa kulisha mamia ya wapagazi. Historia ya biashara ile ya pembe na watumwa inastahili kuandikwa pia kutoka upande wa jiwe la kusagia.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe: ndefu, fupi kwa kimo, kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la udongo. Ndani yake mafiga matatu, chungu, vibuyu, na jiwe. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, na msomaji anayetaka kuijua nchi ile kabla ya mji kuimeza hana budi kuanzia kwake. Alizaliwa katika kipindi kibaya. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua kukosekana. Watu wengi walikufa. Jiwe halikuwa na cha kusaga.

Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 ikielekea Kigoma. Pamoja nayo yakaja maduka, mabati na saruji. Kwa muda mrefu vitu hivyo vilibaki kwa maofisa, wafanyabiashara na misheni. Vijijini tembe na mafiga viliendelea.

Mabadiliko makubwa ya jiko yaliletwa na siasa. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kwa wingi kwenda vijiji vya Ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akishiriki kazi za kijiji, ikiwemo kufyatua matofali. Tembe ilihesabiwa kuwa alama ya unyonge, na nyumba ya matofali na bati ikawa alama ya maendeleo. Palitokea maumivu na manung'uniko katika uhamisho ule, na yasifichwe. Lakini mashine ya kusaga ya dizeli, iliyoendelea kusambaa vijijini, iliondoa mzigo ambao hakuna mwanamke aliyeubeba aliyetamani urudi. Debe la mtama lilibebwa kichwani hadi mashineni. Jiwe la kusagia likabaki kwa karanga, dawa na ulezi wa uji wa mgonjwa, na mahali pengine likawa kizuizi cha mlango.

Kisha, tarehe 1 Oktoba 1973, chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Nyumba za watumishi zilizojengwa baada ya hapo zilileta jambo geni: jiko ndani ya nyumba kuu, lenye bomba, sinki na mahali pa kufanyia kazi mtu akiwa amesimama. Pahali penyewe palikuwa slabu ya zege iliyoshikiliwa na vijiukuta viwili vya matofali, juu imepigwa niru ya saruji, wakati mwingine ikiwa na rangi nyekundu. Kwenye majengo ya heshima ilitumika terazo: vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji na kusuguliwa. Kwa wazo lake, terazo ni ndugu mkubwa wa slabu za kwatzi za leo.

Slabu ya niru haikuwa mbaya. Ilistahimili sufuria ya moto, ilijengwa na fundi wa mtaani, na ikipasuka ilipigwa niru upya. Tatizo lake ni kwamba saruji hunywa: mafuta, manjano na mchuzi huzama ndani. Ndiyo sababu baadaye watu walihamia vigae. Viwanda vikubwa vya vigae vilipoanza kazi Mkuranga na Chalinze mwishoni mwa miaka ya 2010, vigae vilizidi kupatikana na jiko la vigae likawa la kawaida. Lakini kila kigae kina kiungo, na kila kiungo hushika unga wa ngano, uchafu na mende. Mama anayekanda chapati juu ya vigae anajua adha ya kuchokonoa viungo kwa kisu.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali nzima itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alihamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais mwaka 2017, Rais mwenyewe mwaka 2019. CDA ilivunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa; ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Mashamba ya Mtumba, jirani na Ihumwa ya Mnyampala, yakawa Mji wa Serikali. Watumishi waliohama Dar es Salaam walikuja na picha ya jiko walilolizoea au kulitamani: limeungana na sebule, lina makabati ya ukutani, na juu ya makabati kuna jiwe moja lisilo na viungo vingi. Jiko lililokuwa limejificha uani sasa linaonwa na mgeni anapoketi. Hapo ndipo granaiti, na baada yake kwatzi, zilipopata soko.

Slabu hizi za kwatzi si jiwe lililochongwa mlimani. Asili yake ni Italia, katika kampuni ya Breton iliyoanzishwa na Marcello Toncelli mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilibuni namna ya kuchanganya kwatzi iliyosagwa, kama asilimia 90 au zaidi kwa uzito, na gundi ya poliesta na rangi, kisha kuitikisa na kuigandamiza ndani ya mtambo ulioondolewa hewa, na mwisho kuipasha joto ili gundi ishike. Mashine hizo ziliuzwa duniani. Mwaka 1987 kiwanda cha Caesarstone kilianzishwa katika kijiji cha Sdot Yam, Israel; mwaka 1990 Cosentino ya Almería, Hispania, ikaingiza Silestone sokoni. Baadaye China na India zikawa wazalishaji wakubwa, na bei ikashuka kiasi cha kufika hata Dodoma, kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam na kwa lori kilomita 450 hivi.

Mji uliokaa juu ya granaiti, basi, unanunua kwatzi iliyosafiri baharini. Si aibu, pwani nayo ilinunua vyombo vya China kwa karne nyingi. Ila mnunuzi anapaswa kujua anacholipia, kwa sababu sifa nyingi zinazotajwa dukani ni za kwatzi tupu, na slabu ina gundi.

Kwatzi ni ngumu kweli: kwenye kipimo cha Mohs ina 7, juu ya chuma cha kisu cha kawaida. Haikwaruzwi kirahisi, hainywi mafuta, wala haihitaji dawa ya kuziba vinyweleo ambayo granaiti huhitaji mara kwa mara. Gundi ndiyo dhaifu. Sufuria ya ugali iliyotoka kwenye moto wa gesi au mkaa, ikiwekwa moja kwa moja, inaweza kuunguza gundi na kuacha doa la manjano au kahawia lisilofutika, au hata kupasua slabu karibu na sinki. Granaiti hulivumilia joto hilo vizuri zaidi. Jua nalo hubadili rangi ya gundi, kwa hiyo jiko la nje, ambalo kaya nyingi za Dodoma bado zinalihitaji kwa maharage, makande na shughuli za watu wengi, lisiwekewe kwatzi kabisa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kadiri gesi na umeme vinavyoingia, upishi utazidi kuhamia ndani, na swali la sufuria ya moto litakuwa la kila siku.

Maji ya Dodoma pia yana neno lake. Mji umetegemea visima vya Makutupora kwa miongo mingi, na maji ya ardhini ya nyanda hizi yana chumvichumvi. Kila tone linalokauka karibu na bomba huacha ukungu mweupe. Kwenye slabu nyeusi inayong'aa utauona kila asubuhi; kwenye rangi ya kijivu au krimu hauonekani sana. Vumbi jekundu la kiangazi linasema vivyo hivyo. Watu wengi huchagua nyeusi kwa kudhani inaficha uchafu, kisha huishia na kitambaa mkononi.

Hesabu ya slabu nayo ni rahisi. Nyingi zina urefu wa mita 3 hivi na upana wa mita 1.4. Meza ya jiko ina kina cha sentimita 60, kwa hiyo slabu moja hutoa vipande viwili, yaani mita 6 za urefu, na ukanda mwembamba wa kupandisha ukutani. Jiko la mita 6.5 lililochorwa bila kuuliza litamlazimu mwenye nyumba kununua slabu ya pili kwa ajili ya nusu mita. Unene wa sentimita 2 una uzito wa takriban kilo 50 kwa mita ya mraba. Slabu nzima inafika kilo 200. Makabati ya mbao laini yaliyopigiliwa haraka hayabebi mzigo huo. Bei ikitajwa, mnunuzi aulize kama ni kwa mita ya urefu, kwa mita ya mraba au kwa slabu, na kama tundu la sinki, ukingo, usafiri na ufungaji vimo. Viungo visipite juu ya sinki wala jiko, mahali ambapo jiwe limebaki jembamba.

Na kabla ya kutoa malipo ya awali, aombe kipande kilichokatwa. Akitazame ubavuni: chembe za jiwe ziwepo katika unene wote, si nakshi iliyochapwa juu tu. Akilaze jikoni usiku mmoja kikiwa na ndimu, manjano na mafuta, asubuhi akioshe. Marumaru halisi itakuwa imeliwa na ndimu, kwa kuwa ni chokaa. Kwatzi nzuri itakuwa salama. Kwa nyumba yenye watoto, msaidizi wa kazi na wageni wengi, ambako hakuna atakayekumbuka kuweka kitako chini ya sufuria, granaiti ndiyo chaguo la busara. Kwa anayetaka rangi nyepesi isiyo na madoa na yuko tayari kuilinda na joto, kwatzi inalipa.

Kuna jambo moja ambalo duka haliandiki kwenye bei. Slabu ya kwatzi ikikatwa kwa grainda kavu hutoa vumbi jembamba la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni huyatia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo, silikosisi, hufungua pia mlango wa kifua kikuu. Machimbo ya Mererani yameshaionyesha Tanzania madhara yake. Mwaka 2012 madaktari wa Israel wakiongozwa na Mordechai Kramer waliandika kuhusu wagonjwa 25 waliopata silikosisi kwa kukata mawe ya kutengenezwa. Australia, baada ya mafundi wengi vijana kuugua, ilipiga marufuku slabu hizi tarehe 1 Julai 2024, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Granaiti nayo ina silika, lakini kwa kawaida chini ya nusu ya iliyomo kwenye slabu ya kwatzi, na haina gundi.

Dodoma, fundi mara nyingi hurekebisha tundu la sinki palepale sebuleni, kitambaa kimefungwa puani, wingu jeupe likimzunguka. Kitambaa hakizuii vumbi hilo. Maji yanayomwagika juu ya msumeno hulipunguza sana, na barakoa ya kuchuja vumbi huongeza kinga. Jiwe la kusagia lilidai magoti na migongo ya wanawake wa Ugogo kwa vizazi vingi. Meza mpya ya jikoni isidai mapafu ya vijana wanaoileta. Unayejenga Nzuguni au Mtumba, unapopatana bei, taja pia maji ya kukatia, barakoa na vipimo sahihi vitakavyowezesha slabu ikatwe karakanani badala ya ndani ya nyumba yako, na uwe tayari kuvilipia.